Maswali Yenu: Parokia na Msikiti Kuwahudumia Wahamiaji Pamoja

Safari hii tumechagua barua za wanaopokea wakimbizi na wahamiaji wa dini mbili chini ya paa moja. Tulitarajia maswali ya Maandiko. Yaliyokuja ni ya sufuria, daftari, mikeka na makaburi, na kwa kweli huko ndiko watu hugombana au hupatana.

Tumsifu Yesu Kristo. Parokia yetu iko jirani na Eastleigh, Nairobi. Kila Jumamosi tunapika pilau ya nyama kwa wakimbizi wapatao 100. Wasomali hupokea sahani wakaiacha mezani. Hata Wahabeshi ambao ni Wakristo wenzetu hawagusi. Nyama tunanunua bucha ya Kiislamu. Tumekosea wapi? Na Ramadhani tufanyeje? — Katekista

Milele amina. Nyama hiyo hiyo inawafukuza watu wa pande mbili kwa sababu mbili tofauti.

Msomali hana shaka na bucha, ana shaka na sufuria. Kama sufuria hiyo ndiyo iliyopikiwa nguruwe siku ya sikukuu ya parokia, hata nyama iliyochinjwa kwa bismillahi haitamshawishi, na hajui mafuta yametoka wapi. Mhabeshi wa Kanisa la Orthodoksi la Tewahedo naye ana jambo lake. Kwao Ethiopia, kwa desturi ya miaka mingi, Wakristo hawali nyama iliyochinjwa na Muislamu na Waislamu hawali iliyochinjwa na Mkristo. Bucha zao ni mbalimbali. Kwa hiyo bucha iliyomridhisha Msomali ndiyo iliyomfungia mlango Mhabeshi. Juu ya hayo, Waorthodoksi wa Ethiopia hawali nyama, maziwa wala mayai karibu kila Jumatano na Ijumaa, na hufunga hivyo hivyo siku 55 kabla ya Pasaka, Jumamosi zikiwemo.

Suala la kuchinja lisichukuliwe kirahisi. Februari 2013, mzozo wa nani achinje ulimwaga damu Buseresere, mkoani Geita, baina ya majirani wanaosema lugha moja.

Ushauri wetu: ondoeni nyama. Pikeni wali mweupe, dengu na mboga za majani. Kwa watu 100 mchele kilo 12, dengu kilo 7, mafuta ya mimea lita 3, vitunguu kilo 5 na nyanya kilo 6 zinatosha, na sahani haitakuwa ya kubania. Nunueni sufuria mpya za lita 50, mbili, mzipake alama ya rangi kwenye mpini, zifungiwe kabatini na zisiazimwe hata kwa harusi. Kisha, na hili ndilo linalomaliza shaka kuliko tangazo lolote, waingizeni jikoni akina mama wawili wa Kisomali na wawili wa Kihabeshi wapike pamoja na akina mama wa parokia. Mtu aliyemwona mama wa kwao akimimina mafuta hahitaji kuhubiriwa usafi wa chakula.

Ramadhani badilisheni saa. Nairobi jua huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima. Fuateni ratiba ya msikiti wa jirani, msikisie. Robo saa kabla ya adhana kila kitu kiwe mezani: tende tatu kwa kila mtu (kilo 3 kwa watu 100), maji, na uji mwepesi lita 30, ambao unahitaji unga kilo 3. Waache wafungue kwa tende na maji, wapeni dakika 15 za kuswali Magharibi, ndipo wali upakuliwe. Kosa tunalolisikia mara nyingi ni hotuba. Mgeni rasmi anasimama saa kumi na mbili na dakika ishirini, adhana inalia, yeye bado anashukuru wafadhili, na mbele yake wamekaa watu ambao hawajatia tone la maji mdomoni tangu alfajiri. Kuharakisha kufuturu ni sunna kwao. Hotuba, kama ni lazima, ije baada ya chakula.

Chakula cha mchana msikifute. Watoto, wagonjwa, wajawazito na Wakristo wanahitaji kula; wapeni katika chumba kingine. Wala asiulizwe mtu kwa nini hajafunga. Qurani yenyewe (2:184–185) imewapa ruhusa wagonjwa na wasafiri, na mwanamke aliye hedhini hapaswi kulazimishwa kujieleza mbele ya foleni.

Kamati yetu hapa Mombasa ina Wakristo wanne na Waislamu wanne. Tulifungua mfuko mmoja kusaidia wahamiaji waliokwama mjini. Katika kikao cha pili neno "zaka" lilitugombanisha, na sasa wachangiaji wa msikitini wanataka fedha zao zirudishwe. Tufanye nini? — Mchungaji na Ustadhi (tumeandika pamoja)

Kwanza tunawapongeza kwa kuandika pamoja. Ugomvi wenu umetoka kwenye neno moja lenye maana mbili. Mkristo akisema zaka anamaanisha fungu la kumi la mapato yake, na kanisa laweza kulitumia kwa kazi yoyote ya kanisa. Muislamu akisema zaka anamaanisha nguzo ya dini: asilimia 2.5 ya mali iliyofikia nisabu (kiwango cha chini cha kutolewa zaka) na kukaa mwaka, nayo ina watu wake maalumu wanane waliotajwa katika Surat At-Tawba, aya ya 60. Mmoja wao ni ibnu sabili, msafiri aliyekatikiwa njiani. Kwa hiyo mhamiaji aliyekwama anaingia kabisa katika zaka. Lakini kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, zaka hupewa Muislamu, na sharti imfikie mkononi iwe mali yake. Kulipia gesi, kodi ya stoo au mshahara wa mpishi kwa fedha ya zaka hakumtoi mtoaji katika wajibu wake. Mkiitia katika mfuko wa pamoja, yule mchangiaji anahisi ibada yake imeharibiwa, wala hasemi hivyo kwa ubahili.

Sadaka ya hiari haina mipaka hiyo. Hupewa mtu yeyote mwenye shida, awe Muislamu au siye.

Basi gawanyeni hivi. Zaka ibaki msikitini, na kamati ya msikiti iigawe yenyewe kwa Waislamu waliomo katika orodha yenu, kwa fedha taslimu au chakula kikavu. Zakatul-fitri, ile ya mwisho wa Ramadhani, vivyo hivyo, pishi moja ya chakula cha kawaida, takriban kilo 2.5 hadi 3 kwa kila kichwa, itoke kabla ya swala ya Idi. Mfuko wa pamoja upokee sadaka ya Waislamu na matoleo ya Wakristo tu, na huo ndio ulipe gesi, stoo, usafiri na chakula cha wote. Akaunti iwe na watia sahihi watatu, wawili lazima waweke sahihi, mmoja wao kutoka kila upande. Daftari lifungwe kila mwisho wa mwezi, na nakala ibandikwe msikitini na kanisani siku ile ile. Ikibandikwa kanisani Jumapili na msikitini Ijumaa inayofuata, maneno ya siku tano hayatazimika.

Kuhusu fedha zilizokwisha ingia: warudishieni wanaosema walikusudia zaka, bila kuwauliza maswali. Nia ya mtu haikaguliwi na mhasibu.

Je, wakimbizi Waislamu waruhusiwe kuswali kanisani kwetu wakati wa mafunzo ya siku nzima? Na mwanzo wa mafunzo tusali sala gani ya pamoja? — Sista, Nairobi

Ndani ya kanisa, hapana, na wala si kwa chuki. Maelekezo ya Vatikani ya mwaka 2004 kuhusu uchungaji wa wahamiaji, Erga migrantes caritas Christi, kifungu cha 61, yanasema haifai kanisa au kikanisa kutolewa kwa ibada ya dini nyingine, kwa heshima ya mahali patakatifu na ya dini ya mwenzako pia. Kifungu hicho hicho kinasema kumbi za kijamii zibaki wazi kwa watu wa dini zote wanaofuata taratibu za mahali. Ukumbi wa parokia au darasa lafaa.

Andaeni chumba kisicho na sanamu upande wa kibla. Msivue msalaba ulio ukutani; geuzeni tu mikeka ielekee kibla. Kutoka Mombasa na Dar es Salaam kibla ni kaskazini karibu moja kwa moja, kutoka Nairobi ni kaskazini ikipinda kidogo mashariki. Wekeni ndoo ya bomba na beseni nje ya mlango kwa udhu, mahali pa viatu, na pazia au nafasi ya nyuma kwa wanawake. Katika ratiba andikeni mapumziko ya saa saba mchana na saa kumi. Ijumaa msipange kitu chochote kati ya saa sita na saa nane.

Kuhusu sala, mfano upo wa Assisi, Italia, 27 Oktoba 1986, Papa Yohane Paulo II alipowaalika viongozi wa dini: walikusanyika ili kusali, hawakutunga sala moja ya wote. Fanyeni kimya cha dakika moja, kisha Mkristo aombe kwa namna yake na wengine wakae kwa adabu, halafu Muislamu aombe dua kwa namna yake. Kuunganisha Baba Yetu na Alfatiha katika karatasi moja kunawaudhi wote wawili, na wakimbizi, ambao hawawezi kulalamika kwa mwenye nyumba, ndio wanaobaki wakiumia.

Salaam aleikum. Jirani zangu ni wakimbizi wa Kisomali. Wanapokwenda kuchukua unga kanisani wanapewa na vijitabu vya dini. Mnaita haya mazungumzo? — Mama, Mombasa

Waaleikum salaam mama. Hapana, hatuyaiti hivyo, na Kanisa lenyewe haliyaiti hivyo. Mwaka 2011 Vatikani, Baraza la Makanisa Ulimwenguni na Umoja wa Makanisa ya Kiinjili Ulimwenguni walitoa waraka wa pamoja kuhusu ushuhuda wa Kikristo, unaokataza kuwavuta watu kwa fedha au kwa kutumia umaskini na shida zao. Kanuni za maadili za Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada za mwaka 1994, kanuni ya tatu, zinasema msaada hautatumika kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Qurani 2:256 mnaijua: hakuna kulazimishana katika dini. Mtu mwenye watoto wanne na unga wa siku moja hawezi kukataa kijitabu, na kisichoweza kukataliwa kimeshalazimishwa.

Nenda na mtu mmoja wa kamati ya msikiti mkamwone paroko au mchungaji, si siku ya kugawa chakula, mkiwa na kijitabu chenyewe mkononi. Ombeni sheria hizi ziandikwe na kubandikwa langoni: foleni haina mahubiri; hakuna kitabu, rozari wala tasbihi ndani ya mfuko wa chakula; anayegawa unga habatizi mtu wala hamsilimishi; na liwepo sanduku la malalamiko linalofunguliwa na watu wa dini zote mbili. Mara nyingi kijitabu kiliwekwa na kijana wa kujitolea mwenye ari, na kiongozi hajui.

Sheria iwe ya pande zote. Tunajua pia Wakristo wa Kongo walioambiwa watapata chumba wakitamka shahada ya kuingia Uislamu. Ni dhuluma ile ile.

Wengine wameuliza: je, mhamiaji akitaka mwenyewe kubadili dini? Ana haki yake. Lakini apelekwe kwa kiongozi asiyehusika na msaada, aambiwe wazi kwamba unga wake hautaongezeka wala kupungua, na asiharakishwe. Aulizwe kwa upole anaishi na nani. Mtu aliyepanga chumba pamoja na watu wa kijiji chake anaweza kufukuzwa usiku huo huo.

Na safu ya "dini" katika daftari la foleni ifutwe. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inaiweka imani ya mtu miongoni mwa taarifa nyeti, lakini sababu iliyo karibu zaidi ni woga. Aprili 2014, katika operesheni ya polisi iliyoitwa Usalama Watch, maelfu walikamatwa Eastleigh na kwingineko, wengi wao Wasomali, wakazuiliwa uwanja wa Kasarani. Watu waliopitia hayo wakiona orodha yenye kabila na dini hawarudi tena. Andikeni jina, idadi ya watu nyumbani, na chakula wasichokula. Yatosha.

Kambini Nyarugusu kwaya yetu huwasalimia wageni "Bwana asifiwe". Ni kosa? — Kijana, Kasulu

Miongoni mwenu ni salamu nzuri. Kwa mgeni usiyemjua inakuwa mtihani: asipojibu "Amina", kila mtu ameshajua. Warundi Waislamu wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, wanasema Kiswahili safi kama wewe, nao huwekwa katika hali hiyo kila siku. Anzeni na "karibuni, poleni na safari". Shikamoo kwa wazee haibagui dini. Muislamu akikupa "Asalaam aleikum" mjibu kwa moyo mweupe, hujasilimu. Na neno "kafiri" lisisikike kambini, wala "mhamiaji haramu": kitendo chaweza kuwa haramu, mtu hawi haramu.

Sisi ni familia ya Waislamu tunaosema Kiswahili, Maskati, Oman. Msaidizi wetu wa nyumbani ni Mkristo kutoka Kenya. Tunataka apate kuabudu lakini hatujui pa kuanzia. — Baba

Mmeuliza kwa wema. Maskati ina makanisa yanayotambuliwa na serikali, katika viwanja vya Ruwi na Ghala, ya Wakatoliki, Waprotestanti na Waorthodoksi. Ijumaa ni siku ya mapumziko, hivyo ibada nyingi huwekwa siku hiyo. Mpeni siku kamili, si saa mbili katikati ya kupika, na nauli ya kwenda na kurudi au mpelekeni wenyewe mara ya kwanza. Mikutano ya sala nje ya viwanja hivyo yaweza kumletea matatizo na sheria, mwambieni mapema.

Biblia yake ikae chumbani mwake bila kuguswa. Simu abaki nayo, maana wengi husali na nyumbani kwao kwa simu. Ramadhani asile hadharani mchana, hiyo ni sheria ya nchi, ila ndani ya nyumba apate chakula chake cha mchana bila kujificha. Na msimuulize kila wiki lini atasilimu. Yeye ni mwajiriwa wenu, hawezi kujibu kwa uhuru. Mkitaka watu wa kuzungumza nao zaidi, Kituo cha Al Amana mjini Maskati kinafanya kazi hii hii ya Wakristo na Waislamu.

Polisi walituita, Wakristo na Waislamu, kusaidia kuzika wahamiaji wa Ethiopia waliokufa njiani. Hatukujua nani ni wa dini gani, tukabishana mbele ya maiti. Tungefanyaje? — Kamati ya mji mdogo kwenye barabara kuu, Tanzania

Poleni sana. Njia hiyo ya kwenda Afrika Kusini imewaua wengi. Juni 2012 zaidi ya Waethiopia 40 walikutwa wamekufa kwa kukosa hewa baada ya kusafirishwa ndani ya lori mkoani Dodoma. Machi 2020 wengine 64 walikutwa katika kontena mkoani Tete, Msumbiji. Mji ulio njiani ujiandae kabla.

Ikiwa yupo aliyenusurika, yeye ndiye wa kuulizwa kwanza, kwa mkalimani wa Kiamhari au Kioromo, na kila maiti peke yake. Jina husaidia nusu tu. Waethiopia hawana jina la ukoo. La pili ni la baba, la tatu la babu. Kedir au Jemal huwa Muislamu, jina linaloanza na Gebre au Haile huwa Mkristo, lakini majina mengi ya Kioromo hayasemi lolote, na babu anaweza kuwa wa dini tofauti na mjukuu. Angalieni mwili. Waorthodoksi wengi huvaa shingoni uzi unaoitwa mateb, tangu ubatizo, na wanawake wengine wana chale ya msalaba kwenye paji la uso.

Uchunguzi wa daktari ni lazima kwa kifo cha namna hii. Kamati ya msikiti iombe Waislamu watangulizwe ili wasicheleweshwe, isiombe usifanyike. Baada ya hapo wanaume waoshwe na wanaume, wanawake na wanawake, sanda tatu kwa mwanamume na vipande vitano kwa mwanamke. Mwili ulioharibika usiostahimili maji hufanyiwa tayamamu, yaani hupakwa udongo safi badala ya maji. Kwa Waorthodoksi tafuteni padri wao kwa simu ikibidi, mkatoliki au mlutheri asichukue nafasi yake bila kuuliza.

Wasiojulikana kabisa wazikwe katika makaburi ya umma, si ya msikiti wala ya kanisa, kila mmoja kaburi lake na namba yake. Katika fiqhi (sheria ya dini) ya Shafi, Waislamu wakichanganyika na wasio Waislamu wote huoshwa na kuswaliwa kwa nia ya walio Waislamu, hivyo imamu ana njia. Padri au mchungaji naye aombe kwa zamu yake. Hakuna haja ya kushindana nani aanze. Amueni kwa kura ya bahati kabla ya kufika makaburini.

Kwa wahamiaji mnaowahudumia wakiwa hai, wapeni bahasha ya hiari: ndani aandike nani aitwe akifa, na azikwe vipi. Ifungwe kwa gundi, isomwe siku hiyo tu. Bahasha hii haihusiani na daftari la chakula na isikae kabati moja nalo.

Kabla ya kuosha, kila uso upigwe picha, na nguo, simu na karatasi ziwekwe kwenye mfuko wenye namba ya kaburi. Msalaba Mwekundu hufanya kazi ya kutafuta jamaa, wapeni nakala. Mateb isikatwe. Ikibidi kuivua kwa ajili ya uchunguzi, ifunguliwe fundo, iingie kwenye mfuko huo huo, kwa sababu mama yake ataitambua hata kama uso hautambuliki tena.